Bismuthi siyo risasi jamani

Kuna fundi simu mmoja pale Kilombero, Arusha, kagoma kabisa kutumia waya wa kuchomelea wenye bismuthi, eti ni metali nzito, jirani wa risasi, basi lazima iwe sumu tu. Imani ya siku nyingi hii na ukiangalia harakaharaka inaingia akilini, maana kweli kwenye jedwali la elementi wamekaa pamoja, risasi namba 82, bismuthi 83. Ila ujirani siyo tabia. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, bismuthi watu wanaimeza kabisa kwenye dawa za tumbo (sawa, usizidishe dozi, ukiila muda mrefu nayo inasumbua). Halafu ikichanganywa na bati inayeyuka kwenye nyuzi 138 hivi, ile ya bati na risasi ni 183, kwa hiyo bodi ya simu haiungui ovyo.

Hata watafiti wa nanokompositi, yaani michanganyiko ya chembe ndogo mno, wanaipenda: bismuthi teluraidi inageuza tofauti ya joto kuwa umeme, bismuthi vanadeti, ile ya njano, inanyonya mwanga wa jua na kusaidia kupasua maji upate haidrojeni.

Moshi wa kuchomelea lakini usiuvute, huo mbaya hata bila risasi, fungua dirisha.