Mzee ana homa ya ini C? Miaka yake sio sababu ya kumnyima dawa

Swali tunaloulizwa sana kliniki ya ini linatoka kwa watoto wa mgonjwa, yaani mama ana miaka sabini na kitu, majibu ya homa ya ini C yametoka pozitivu, halafu wanasema daktari si tumuache tu apumzike, hizo dawa zitammaliza.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Zamani tiba ilikuwa sindano za interferoni na vidonge vya ribavirini, wiki 24 mpaka 48, mtu anachoma sindano anashikwa na homa, damu inapungua, wengine sonona inawaingia kabisa, kwahiyo wazee wengi waliambiwa wakae hivyohivyo. Ila tangu dawa ya sofosbuviri iruhusiwe Marekani Desemba 2013 mambo yamebadilika sana, sasa hivi ni vidonge tu, kwa mfano sofosbuviri na velpatasviri ziko pamoja kwenye kidonge kimoja, unameza kimoja kwa siku kwa wiki 12, na wanaopona ni zaidi ya 95 kwa kila 100. Wenye miaka 70 na 80 nao wanapona karibu sawa na vijana.

Na tukisema ukweli ugonjwa huu kwa ukanda wetu umekaa zaidi kwa wazee. Kirusi chenyewe kiligunduliwa 1989, kabla ya hapo damu ya kuongezewa hakuna aliyeipima, na sindano moja ilikuwa inazunguka kwa watu wengi. Misri ndio mfano mkubwa, kampeni za kutibu kichocho kwa sindano kuanzia miaka ya 1950 mpaka ya 80 zilisambaza kirusi kwa kizazi kizima. Rwanda nao walikuta wazee ndio wengi, Desemba 2018 wakazindua mpango wa kitaifa wa kuutokomeza. Hukohuko Rwanda ulifanyika utafiti kwa watu 300 waliopewa sofosbuviri na ledipasviri, asilimia 87 wakapona, ila wenye kirusi cha kundi la 4r walifeli wengi. Kwahiyo dawa ikigoma msikimbilie kusema mzee alikuwa anaruka dozi au mwili umechoka, inawezekana ni aina ya kirusi, na zipo dawa za awamu ya pili.

Sasa kinachotupa kazi kwa mzee ni ile mifuko ya dawa nyingine. Mwambieni aje na kila kitu anachomeza, cha presha, cha sukari, cha duka la jirani, na zile chupa za mitishamba. Mzee atakwambia natumia dawa ya presha tu, ukifungua mfuko unakuta omeprazoli anameza kila asubuhi miaka yote kwa ajili ya kiungulia, yeye haihesabu kama dawa. Kumbe velpatasviri inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, asidi ikizimwa dawa haiingii vizuri kwenye damu. Amiodaroni ya moyo ikikutana na sofosbuviri mapigo yanaweza kushuka mpaka hatari. Rifampisini ya TB na karbamazepini ya kifafa zinaishusha nguvu dawa ya ini. Mwenye kisukari kirusi kikianza kuisha sukari nayo inaweza kushuka, kwahiyo anayechoma insulini apime mara kwa mara asije akazimia nyumbani, na anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, damu yake ipimwe upya. Msiache dawa yoyote wenyewe lakini, hiyo ni kazi ya daktari kupanga.

Kabla ya kuanza tunapima pia homa ya ini B, maana C ikiondoka B iliyolala inaweza kuamka. Na ini likiwa limeshaharibika sana, tumbo limejaa maji au macho ya njano, tiba bado ipo ila baadhi ya vidonge havifai, aonwe na bingwa.

Wiki 12 baada ya kumaliza tunarudia PCR, yaani kipimo cha damu kinachotafuta kirusi chenyewe, kirusi kisipoonekana amepona. Kile kipimo cha haraka cha kingamwili, yaani kinga ambayo mwili uliitengeneza kupambana na kirusi, kitaendelea kusoma pozitivu maisha yake yote, akipimwa sehemu nyingine wakamwambia bado unaumwa awaonyeshe karatasi ya PCR. Aliyekuwa tayari na makovu makubwa kwenye ini yeye aendelee na altrasaundi kila miezi 6, saratani ya ini bado inaweza kutokea hata kirusi kikiwa kimeondoka.