Kuchemsha maji hakuondoi chumvi

Jamani wenzangu wa Dodoma, hii habari kwamba maji ya kisima ukiyachemsha sana chumvi inaisha naisikia kila siku na siyo kweli kabisa. Maji yakichemka kinachoondoka ni mvuke, chumvi inabaki palepale, na kwa vile maji yamepungua ladha ya chumvi ndo inazidi, mtu anachemsha nusu saa nzima anamaliza mkaa bure. Kuchemsha kunaua vijidudu na hilo tusiache, ila yakishatokota vizuri inatosha.

Sasa ule ukoko mweupe kwenye birika ndo unawachanganya watu, wanadhani ndo chumvi imetoka. Ule ni chokaa, kitu kingine kabisa, moto unaifanya ijitenge na maji igande chini. Usiikwangue na stilwaya unachubua birika, we kamulia ndimu mbili tatu au weka siki na maji, chemsha, acha kama lisaa hivi, itaachia yenyewe halafu suuza vizuri. Na sabuni kugoma kutoa povu ni hiyohiyo chokaa, mi mvua zikianza Desemba nakinga maji ya bati nafulia nguo nyeupe.