Vina havijamfunga mtu mdomo

Nimeambiwa tena wiki hii, safari hii na kijana aliyevaa fulana ya mradi: mashairi ya vina na mizani ni ya kusifia mgeni rasmi na kuaga wastaafu. Anayetaka kusemea wanyonge aandike huru, kwa hasira, "kutoka moyoni". Kana kwamba moyo hauwezi kuhesabu hadi nane. Na haya ananiambia hapa Tanga, mji aliotokea Shaaban Robert!

Historia niipitie haraka, maana nimeshachoka kuirudia. Bushiri, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Vita ile ikatungiwa utenzi na mtu wa mwambao huu huu, Hemedi bin Abdallah el Buhriy, vina juu ya vina, na hakuna aliyemwambia arudhi, kanuni hizi za utunzi, inambana. Unguja, mwimbaji wa taarab Siti binti Saad aliimba kisa cha Kijiti: mwanamke kaja mgeni kutoka Dar es Salaam, kauawa, muuaji, Kijiti mwenyewe, kavukia bara, waliokwenda jela ni wanawake waliotoa ushahidi, eti wao ndio walionunua pombe. Hakimu kaimbwa huku watu wanacheza. Ukitaka kujua Siti alikuwa na uzito gani, aliyemwandikia wasifu ni Shaaban Robert huyo huyo.

Kwa hiyo hoja ya "vina ni vya sifa" tuizike. Inayonikera zaidi ni hii nyingine iliyojificha nyuma yake: kwamba shairi la haki ni kulaani, na mwenye sauti kubwa ndiye mwenye uchungu mkubwa.

Chukua mshororo huu, aliouleta binti mmoja kwenye darasa letu la ushairi la Jumamosi:

*Dhuluma imetuzidi, wanyonge twaangamia.*

Mizani sawa, silabi nane kwa nane. Lakini nani kadhulumiwa? Kafanywa nini, saa ngapi, na nani? Mshororo huu anaweza kuusoma mkubwa yeyote jukwaani na akapigiwa makofi na wale wale anaowakamua. Nikamwuliza, "Mwanangu, hebu acha wanyonge. Nyumbani kwenu nani kakasirika wiki hii?" Akasema shangazi yake anauza samaki sokoni, analipishwa ushuru mara mbili kwa siku moja. Basi si ndiyo hilo! Wiki iliyofuata akaja na ubeti:

*Nimelipa asubuhi, wamerudi adhuhuri,*
*Risiti yangu sahihi, eti haina muhuri,*
*Nawasihi, nawasihi, barafu haisubiri,*
*Mwenye jibu ajitoe, ni ushuru ama shari?*

Risiti yenyewe imetoka kwenye mashine. Muhuri utoke wapi? Na ule ukwapi, yaani nusu ya kwanza, wa mshororo wa tatu, neno moja mara mbili, wanagenzi wengi ningewakata kalamu kwa kujaza mizani. Hapa nimeuacha kwa sababu ndivyo mtu anavyosihi: hana neno jipya la kuongeza. Halafu utao, nusu ya pili, unaleta barafu. Hakuna "dhuluma" hata moja katika ubeti mzima, na kila aliyewahi kukaa nyuma ya meza ya samaki anajua hasara inayeyuka kwa kasi gani.

Sasa njoo kwenye kituo, mshororo wa mwisho. Kinauliza, tena kinamwita mtu ajitokeze ajibu, na hilo ndilo watu wa "andika huru" wanaloliruka kila siku. Ushairi wetu ni wa kujibizana. Muyaka, mshairi wa karne ya kumi na tisa, alijibizana na wenzake Mombasa, na kurasa za gazeti la Mambo Leo zilijaa watu wasiojuana wakipokezana beti. Sheria ya mchezo ni moja: unayemjibu unamfuata kwa bahari yake, yaani umbo la shairi lake, na kwa vina vyake. Maana yake, kabla hujamrudishia neno, umekaa na maneno yake kinywani, umeyahesabu, umetafuta silabi inayokubaliana na yake. Sijui njia nyingine inayomlazimisha mtu kumsikiliza hasimu wake kwa makini kiasi hicho.

Mshairi Abdilatif Abdalla aliyafahamu haya akiwa kifungoni Kenya, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya siasa. Katika diwani yake, Sauti ya Dhiki, iliyotoka 1973, limo shairi la ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi. Mtu kafungwa na serikali, ana kila sababu ya kutukana, na bado kila upande unapewa beti za kujitetea! Msomaji ndiye anayebaki na kazi ya kuamua.

Ubeti wa shangazi nao ulijibiwa. Kwenye grupu letu yumo kijana aliyewahi kukusanya ushuru, si soko lile. Alituma jibu refu, mengi ya kujitetea tu, ila mshororo mmoja ulininyamazisha:

*Lengo langu siliwahi, nikikosa ni safari.*

Vina vile vile, -hi na -ri. Yaani naye kapangiwa kiasi cha kufikisha, asipofikisha anafukuzwa. Grupu zima likageuka kumhurumia.

Hapo ndipo nisipokuwa na uhakika na kazi yangu. Ushuru bado unalipwa mara mbili. Wimbo wa Kijiti haukuwafungulia wale wanawake mlango wa jela. Na huruma aliyopata yule kijana, je, haikupunguza hasira iliyotakiwa kumfikia aliyempangia lengo, ambaye grupuni hayumo na wala hajibu mashairi? Hata utenzi wa Hemedi ninaousifia unalia na wenyeji kupokonywa miji yao. Mtumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani simsikii humo akijisemea. Kujibizana kunawafaa walioalikwa barazani. Fumbo nalo vivyo hivyo: linamlinda mtunzi, lakini mlengwa akiamua kutoelewa, anacheka na wengine na kuondoka zake.

Bado siwezi kumwambia binti yule arudi kwenye "wanyonge twaangamia".

Shangazi mwenyewe alisomewa jibu la kijana pale pale mezani, akiwa anaparua samaki aina ya changu. Alisema huruma anayo, hela hana. Kisha akatoa ubeti wake wa mdomoni, -hi na -ri kama kawaida, mizani imepungua mahali pamoja tu. Siuchapi hapa, maana watoto wanasoma blogu hii, lakini yule mkusanya ushuru ameomba arekodiwe.