Urefu wa meza, uzito wa boksi na kasi ya laini: afya ya mfanyakazi wa kiwandani

Mfanyakazi wa kiwandani akilalamikia mgongo, hupewa dawa ya kuchua. Akisema hapati usingizi na hasira zimekuwa karibu, huambiwa ana mambo yake ya nyumbani. Kabla ya kufikia uamuzi huo, nendeni mkaangalie anaposimama na kasi ya laini, yaani mstari wa uzalishaji, anayolazimishwa kuifuata.

Anzeni na meza. Mfanyakazi asimame wima akiwa na viatu vyake vya kazi, alegeze mabega na akunje kiwiko hadi mkono uwe kama herufi L. Pimeni kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Kazi nyepesi ya kuunganisha au kupakia ifanyike sentimita 10 hadi 15 chini ya kipimo hicho. Kazi ya nguvu, kama kugandamiza au kupiga nyundo, ishuke sentimita 15 hadi 40. Ukaguzi wa vitu vidogo upande sentimita 5 hadi 10 juu ya kiwiko, na mikono ipate pa kuegemea. Kinachopimwa ni pale mikono inapofanya kazi, si uso wa meza. Ukiweka trei yenye kimo cha sentimita 20 juu ya meza iliyopimwa vizuri, umeshaiharibu. Kama meza haipandi wala kushuka, ipimwe kwa mtu mrefu, na mfupi awekewe jukwaa pana lisiloteleza.

Meza ikiwa juu mno, mabega hupanda na kubaki hukohuko. Msuli uliokazwa muda mrefu bila kulegezwa hubana mishipa yake wenyewe ya damu, ndiyo maana kushikilia bisibisi hewani huchosha haraka hata kama ni nyepesi.

Kwenye kunyanyua, watu hutazama uzito tu. Kanuni ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliyorekebishwa mwaka 1991, huanza na kilo 23, lakini kiasi hicho ni cha mazingira bora kabisa: mzigo uwe na pa kushika vizuri, uwe kwenye kimo cha sentimita 75 hivi, na mikono iwe sentimita 25 tu mbele ya vifundo vya miguu. Mikono ikifika sentimita 50, kwa sababu ya ukingo wa paleti (jukwaa la kupangia mizigo) au upana wa boksi, kikomo hushuka hadi kilo 11.5. Kiwiliwili kikigeuka pembeni nyuzi 45 kuelekea kwenye mkanda wa laini, zinabaki chini kidogo ya kilo 10. Kwa hiyo boksi la kilo 15 linaloitwa jepesi tayari limevuka kikomo. Isogezeni paleti karibu, na mfanyakazi ageuke kwa miguu badala ya kiuno. Mkanda wa kufunga kiunoni haujathibitika kumkinga mtu asiye na jeraha, na mazoezi ya asubuhi, ingawa hayana ubaya, hayapunguzi hata kilo moja kwenye boksi.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba mtu ananyanyua mara moja tu kila baada ya dakika tano, kwa muda usiozidi saa moja. Akinyanyua mara 4 kwa dakika zamu nzima, kikomo hushuka tena hadi chini ya nusu.

Kasi hiyohiyo ndiyo inayochosha akili. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kuwa msongo mkubwa hutokea pale madai ya kazi yanapokuwa mengi na mfanyakazi hana uwezo wa kuamua aifanye vipi. Mtu wa kwenye laini yuko hapo hasa: laini haimsubiri, na hata kwenda msalani anaomba ruhusa. Mwenye wasiwasi hukaza mabega, hushika kifaa kwa nguvu kupita inavyohitajika na huruka mapumziko ili afikie lengo. Malipo ya kwa kipande huzidisha hayo, kwani kila dakika ya kupumzika anaiona ikikatwa kwenye mshahara.

Wekeni akiba ndogo ya bidhaa kati ya kituo na kituo, ili mtu aweze kupunguza mwendo kidogo bila kumkwamisha mwenzake. Mapumziko ya dakika tano kila saa yalipwe, tena yahesabiwe tangu mnapopanga lengo. Kubadilishana vituo kuwe na maana: kumtoa mtu kwenye kufunga skrubu na kumpeleka kwenye kubana koleo ni kukitumikisha kifundo kilekile cha mkono. Ratiba ya zamu itangazwe mapema, na msimamizi asimlaumu anayesimamisha mashine kwa sababu ya hatari.

Ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa inayomwamsha mtu usiku, haifai kusubiriwa: mara nyingi ni neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, na ikiachwa muda mrefu nguvu ya kushika hupungua. Aende kliniki, na kituo chake kipimwe upya kabla hajakirudia.