"Majani makavu ya nini enzi hizi za simu?"

Hebaria yetu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ni chumba kimoja: makabati ya chuma, meza ndefu, na friza kama ile ya kuuzia samaki. Kila mmea uliokaushwa umebandikwa kwenye karatasi ngumu, na lebo yake iko kona ya chini upande wa kulia. Anayeingia mara ya kwanza huniuliza swali lilelile la kichwa cha habari hapo juu. Namjibu bila kuchoka, kwa sababu nyuma ya swali hilo kuna mambo ambayo hata wanafunzi wa misitu wameyashika visivyo.

"Picha inatosha"

Picha huonyesha upande uliotazama kamera, basi. Vinyweleo vya chini ya jani, sehemu za ndani ya ua, chavua na vinasaba vyote vimo kwenye mmea wenyewe. Mwaka 2013 watafiti walichukua vinasaba kutoka kwenye majani ya viazi yaliyohifadhiwa tangu karne ya 19, wakakitambua kimelea kilicholeta njaa Ireland miaka ya 1840. Waliochuma majani yale hawakujua hata kama kuna kitu kinachoitwa vinasaba. Mwaka 1987 naye Woodward, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alihesabu vitundu vya kupumulia kwenye majani ya zamani ya hebaria, akaona vimekuwa vikipungua kadiri hewa ya ukaa ilivyozidi angani. Hakuna picha ya simu ambayo ingempa hesabu hiyo.

"Tukishaskani, karatasi zitupwe"

Hii ndiyo inayoniuma. Machi 1943 mabomu yaliiteketeza hebaria ya Berlin. Humo zilikuwamo sampuli nyingi zilizokusanywa nchini kwetu Tanzania wakati wa Wajerumani, zikiwamo sampuli mama, yaani zile ambazo jina la kisayansi la mmea limefungwa kwazo. Kabla ya vita, kuanzia mwaka 1929, Macbride wa makumbusho ya Field ya Chicago alizunguka Ulaya akipiga picha sampuli mama za mimea ya Amerika, na picha zake za Berlin bado zinatumika. Zimesaidia sana. Lakini huwezi kuchovya picha kwenye maji moto ua lilainike ulipasue uone mbegu zimekaaje. Kilichookoa mimea mingi ni sampuli pacha zilizokuwa zimepelekwa hebaria nyingine. Kwa hiyo sisi hukata matawi mawili au matatu ya mti uleule kila inapowezekana, moja libaki, mengine yasafiri.

"Kuweka kidijiti ni kupiga picha"

Kupiga picha ni dakika chache. Kazi iko kwenye lebo. Imeandikwa Wilhelmstal, na leo ni Lushoto. Imeandikwa Neu-Langenburg, nawe utafute Tukuyu. Bismarckburg ni Kasanga. Vipimo ni futi na maili, na mwandiko umefifia.

Karatasi moja ilinikalia mezani siku mbili. Lebo ilisema: maili 4 kutoka stesheni, ukingo wa mto, futi 1,100. Stesheni gani? Haikusema. Nikaangalia namba ya mkusanyaji, maana kila mkusanyaji huzipa sampuli zake namba zinazofuatana, nikatoa kabatini iliyotangulia na iliyofuata. Zote mbili zilikuwa za Korogwe, tarehe ileile. Hapo ndipo mmea ule ulipopata kwao. Bila hiyo ungeingia mtandaoni ukiwa na picha safi kabisa, na usimfae mtu yeyote anayetaka kuurudia.

Ndiyo maana nawaomba wanaokwenda porini: andikeni rangi ya ua kabla halijanyauka, urefu wa mti, udongo, mwinuko, na jina la kienyeji pamoja na lugha yake. "Jina la kienyeji" tupu halitoshi. La Kisambaa si la Kizigua.

"Hiyo ni kazi ya wenye mashine za bei mbaya"

Kamera nzuri iliyofungwa kwenye stendi ikitazama chini, taa mbili, rula, kadi ya rangi, namba ya msimbo pau, na jedwali la kompyuta lenye safu zinazofuata mpangilio unaokubalika duniani. Taarifa zikikaa vizuri, GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe hai, inazipokea bila malipo. Anza na kuzipa sampuli namba. Kamera itakuja.

"Anika juani ikauke haraka"

Itakauka, na itajikunja kama kauzu. Mmea hukaushwa ukiwa umebanwa kati ya magazeti kwenye fremu ya mbao, na siku za mwanzo magazeti hubadilishwa kila siku. Magazeti ya kawaida, si yale majarida yanayong'aa, kwa kuwa hayanyonyi unyevu.

"Vidonge vya nondo vinaua wadudu"

Vinawafukuza tu, tena si wote. Adui yetu ni mbawakawa mdogo wa kahawia, yuleyule anayetoboa tumbaku na viungo vya jikoni. Utamjua kwa vitundu kama vya sindano na unga laini chini ya karatasi. Sisi hufunga sampuli ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, tunaiweka kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, na tukiitoa hatufungui mfuko mpaka ipate joto la chumba, vinginevyo jasho la baridi linailowesha. Umeme ukikatika katikati, tunaanza upya. Na kwa sampuli za zamani, vaa glavu: nyingi zilipakwa chumvi ya zebaki, ambayo ni sumu.

"Ukiweka mtandaoni, weka kila kitu"

Hapana. Okidi za Kitulo, kusini mwa nchi, na maeneo ya jirani huchimbwa viazi vyake na kuvushwa Zambia kuliwa, na msandali hung'olewa mpaka mizizi. Kwa mimea ya aina hiyo tunaonyesha wilaya tu. Mtafiti anayehitaji nukta kamili atuandikie, ajieleze.

"Hebaria ndogo haina jipya"

Upo mti wa Lindi, *Erythrina schliebenii*, wenye maua mekundu na miiba shinani. Ulikusanywa miaka ya 1930, ukaorodheshwa kuwa umetoweka mwaka 1998, kisha wataalamu wakaukuta tena katika misitu ya pwani ya kusini. Miaka yote hiyo mti huo ulikuwa hai kwenye karatasi chache tu. Kabatini kwetu kuna mafungu ya pwani hiyohiyo ambayo hayajawahi kutambuliwa hadi jina la spishi, yamefungwa kwa kamba na kuandikwa kwa penseli "bado". Wiki hii tumeanza fungu la kwanza.