Kabla ya kununua Fuso la nane

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wa ugavi na usafirishaji huwa nawagawa watano watano, kila kundi na kampuni yake yenye tatizo la kweli. Ya kitabuni tumeshayamaliza. Kule takwimu huja zimepigwa pasi, hakuna duka moja lililoandikwa kwa majina matatu: "Mama Asha", "M. Asha", "Mama Asha Tandika sokoni". Kusafisha orodha ya namna hiyo peke yake kunakula wiki nzima, na mwanafunzi asiyewahi kuisafisha hajaijua bado kazi yetu.

Leo niwasimulie la msambazaji mmoja wa vinywaji hapa Dar es Salaam. Jina naliacha. Meneja wake alitupokea akiwa na jibu tayari: magari hayatoshi. Alikuwa na Fuso saba, mzigo wa Mbagala na Tandika ulikuwa ukilala ghalani, na wenye maduka walishaanza kununua kwa mshindani. Alichotaka kwetu ni hesabu nzuri ya kuonyesha kwamba anahitaji la nane, aipeleke benki.

Hapo ndipo huwa nawaambia wanafunzi watege sikio. Wenye kampuni wengi hukutajia dawa, si ugonjwa. "Magari hayatoshi" ni dawa.

Kundi langu lenyewe lilikuwa na dawa yake: njia. Siwalaumu, maana kupanga njia za magari ndiyo hesabu tamu kuliko zote katika fani hii. Maduka 10 tu unaweza kuyazungukia kwa mifuatano 3,628,800. Yakifika 12, mifuatano inapita milioni 479. Watafiti Dantzig na Ramser waliliandikia tatizo hili mwaka 1959, mfano wao ukiwa malori ya kusambaza petroli. Mwaka 1964 Clarke na Wright wakatoa mbinu ambayo mpaka leo naifundisha kwa chaki, na napenda kukumbusha kwamba mmoja wao alikuwa mtu wa ushirika wa biashara ya jumla Manchester na mwenzake mtu wa chuo mjini humo humo.

Mbinu yenyewe ni hii. Anza kwa kudhani kila duka linapelekewa gari lake. Kisha chukua maduka mawili: tuseme la Tandika liko kilometa 8 kutoka ghalani, la Mbagala kilometa 14, na kati yao kuna kilometa 7. Nane jumlisha 14, toa 7, unapata 15. Hizo ndizo kilometa unazookoa ukiyaunganisha katika safari moja. Fanya hivyo kwa kila jozi, anza kuunganisha zenye akiba kubwa, endelea mpaka gari lijae.

Wiki ya pili wakaniletea ramani ya rangi, imependeza kweli. Nikawauliza, nani kati yenu ameshapanda gari la kampuni? Kimya.

Basi wakaenda siku tatu, alfajiri, kila mmoja na daftari lake na mwandiko wake. Daftari hilo ndilo dawa yangu kwa wale wanaochangia jina tu kwenye jalada la ripoti: alama za mtu zinaanzia kwenye kurasa zake, na kurasa hizo hazinakiliki, maana wawili hawakai gari moja.

Ukurasa wa binti mmoja nilioupiga picha unasomeka hivi:

"12:10 gari limeingia getini. 12:25 kreti tupu za jana zaanza kushushwa. 1:20 zimehesabiwa, pungufu 4, ubishi. 1:50 mwenye invoisi hajafika. 2:35 invoisi imetoka. 2:40 kupakia. 3:30 tumetoka."

Tangu getini zimepita saa tatu na dakika 20, na gurudumu halijagusa lami. Pembeni ameandika maneno ya utingo: "Dada, hicho kiti ulichokalia ndicho kitanda changu kila asubuhi." Walipotoka, foleni ya barabara ya Kilwa ilikuwa inawasubiri.

Hapa ndipo ninapoiingiza kanuni aliyoithibitisha mtafiti John Little mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kupita kwake mara muda ambao kila kimoja kinakaa humo. Igeuze kidogo. Magari ni 7. Kama mzunguko mzima wa gari, kupakia, kwenda, kushusha na kurudi, unachukua saa 10, gawa 7 kwa 10, unapata safari 0.7 kwa saa. Punguza saa 2 za uwanjani, mzunguko ubaki saa 8, unapata 0.875. Kwa mzunguko ule wa zamani ungehitaji karibu magari 9 kufikia hapo. (Darasani inatoka safi kuliko mtaani, ndiyo. Maduka yana saa zao za kupokea mzigo na dereva anachoka. Lakini safari fupi ya pili ya Tandika ilikuwa inawezekana kabisa.)

Pendekezo likawa fupi: kreti tupu zihesabiwe jioni gari linaporudi, na invoisi za kesho zitolewe kabla ofisi haijafungwa. Meneja akacheka kwa furaha. Makuli hawakucheka. Wao walilipwa kwa hesabu ya kreti na walikuja asubuhi. Jioni maana yake nauli nyingine na kuchelewa nyumbani, na hakuna aliyewauliza. Kundi langu halikuwa na hata mstari mmoja kuhusu makuli. Niliwakata alama kwa hilo, na nilijikata na mimi kimoyomoyo, kwani rasimu niliisoma na sikuliona.

Wakarudi. Safari hii walianza kwa mzee anayesimamia upakiaji, wakamwamkia, wakakaa naye juu ya kreti. Mzee akasema kushusha jioni si tabu, tabu ni kwamba anayepungukiwa kreti atajulikana hapo hapo, na kuna madereva wasiopenda. Hilo nalo halikuwemo kwenye ramani.

Mwisho wake invoisi zilihamia jioni ndani ya mwezi. Kreti zilichukua muda zaidi, mpaka makuli walipoongezewa posho ya jioni. Fuso la nane halikununuliwa mwaka ule. Meneja alinunua kompyuta ya pili na printa. Ramani ya rangi ameibandika ofisini kwake, nusu yake imefunikwa na kalenda.