Je, wajua kwa nini kutu hulitafuna gari pale springi inapokalia?

Gari la familia la aina ya minivani lililotumika miaka kumi na mitano huweza kung'aa milango yote, ilhali ndani ya matao ya magurudumu, pale springi na shokomzoba zinaposhikwa na bodi, bati limebaki ganda tupu. Kwa nini kutu huanzia mahali hapo hasa, penye kubeba uzito kuliko pengine pote?

Sababu ya kwanza ni muundo. Minivani nyingi hazina chasisi, yaani fremu ya kubebea gari, ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, nayo imeundwa kwa bati lenye unene wa takriban milimita moja. Ili sehemu ya springi ihimili mzigo, kiwandani hulazwa bati juu ya bati na kuyashikanisha kwa nukta za kuchomelea. Kati ya nukta hizo hubaki upenyo mwembamba ambao rangi haifiki vizuri, lakini maji huingia yenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Uimara wenyewe, basi, ndio unaoifungulia kutu mlango.

Gurudumu nalo hurusha tope siku zote, na tope hilo hugandamana kwenye kingo za bati na kukaa na unyevu muda mrefu baada ya barabara kukauka. Likiwa na chumvi, iwe ya upepo wa bahari au ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu katika nchi za baridi, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita ndani ya chuma. Hapa pana jambo ambalo wengi hulidhania kinyume: chuma kilichojificha ndani ya upenyo, penye oksijeni haba, ndicho kinacholiwa, na kile cha nje chenye hewa tele husalimika kwa muda. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo huyasukuma mabati yaachane na kuruhusu maji zaidi. Rangi inapofura malengelenge kwa nje, kazi ya ndani imeshafika mbali.

Gari la kilo 2,000 likiwa limesimama huweka takriban kilo 500 kwenye kila pembe, na likitumbukia shimoni mzigo huo huongezeka ghafla mara kadhaa. Bati lililoliwa hubonyea au kupasuka, gurudumu likaenda upande, na usukani ukavuta bila dereva kutaka. Hili si la kufikirika. Mwaka 2010 kampuni ya Ford iliita zirudishwe kwa marekebisho zaidi ya minivani 500,000 za Windstar nchini Marekani na Kanada, kwa sababu ekseli ya nyuma iliweza kuliwa na kutu hadi kuvunjika.

Ukaguzi wake hauhitaji mitambo. Fundi hugonga kwa nyundo ndogo: bati zima hulia kwa mlio mkali, bovu hutoa sauti iliyofifia na kumwaga magamba. Kisha hubonyeza kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, hakuna la kubishania. Kwa nyuma huenda akalazimika kufungua plastiki za ndani, kwani zinaweza kuficha vichwa vya shokomzoba.

Puti (lahamu ya kuziba mashimo ya bodi) na rangi nzito ya lami hapo ni udanganyifu, tena wa hatari, maana hazibebi mzigo wowote na huufungia unyevu ndani. Tiba ni kukata hadi kufikia chuma kizima, kisha kuchomelea bati jipya lenye unene unaostahili. Moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa pili usioonekana, kwa hiyo fundi makini humalizia kwa kupuliza nta ndani ya uwazi ulio nyuma ya bati, akipitishia mpira wa kupulizia kwenye matundu ya kutolea maji baada ya kuyazibua.